Viungio Vipya vya Treni ya Baba

Baba, shikamoo.

Nimekata ndoano zako. Zote. Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine, maana ndugu zako wengi wamekufuata huko mwaka huu na midomo yao unaijua.

Ningekuwa mtu wa kuomba radhi ningekuletea jani la isale kaburini, kama tunavyofanya hapa Kibosho tukikoseana. Sileti. Ndoano zile ulizikunja kwa waya wa kufungia nondo kwa sababu hukuwa na kingine, na kila ulipozitazama ulisonya. Mtu ameunganisha mabehewa stesheni ya Moshi mpaka anastaafu, halafu treni yake ndogo ya mbao inavutwa kwa ndoano za kuvulia samaki! Maneno yako hayo, si yangu.

Siku ya kugawa nguo zako, shangazi walinitengea koti. Nikasema koti mpeni mwenye baridi, mimi nataka treni. Walicheka mpaka wakasahau kulia. Lakini treni na reli uliyoijenga viko kwenye stoo ya kahawa, stoo iko kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, na kihamba kimeenda kwa Prosper kwa kuwa ndiye kitindamimba. Naye anataka kufuga kuku humo. Tulibishana wiki nzima. Mwisho akasema, "Dada, Krismasi tukiwa wote hapa, iwashe. Ikizunguka mara tatu bila wewe kuigusa, inabaki. Isipozunguka, naleta kuku."

Ndipo nikaagiza viungio vya kweli. Binamu Aneth alinitumia kutoka Nairobi, vikapitia mpakani Tarakea kwenye mkoba wa shemeji, aina mbili nichague. Vya kwanza ni vya plastiki, vikubwa, vinashika hata ukiwa umefumba macho, ila kwenye behewa lako vilionekana kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Vya pili ni vya chuma, vidogo, na taya zake zinajifunga zenyewe zikigusana, vilevile kama vya stesheni. Kila niliyemwonyesha aliniambia nichukue vikubwa. Nilichukua vidogo. Unajua kwa nini. Siku ile stesheni ulikunja vidole vyangu ndani ya vyako ukasema, "Hivi, Manka. Behewa linamshika mwenzake mkono."

Basi nikavifunga kwenye mabehewa yote kumi, nikawasha mota. Pale reli inapopanda kilima, kati ya behewa la nne na la tano, treni ikakatika. Nikarudia, ikakatika palepale. Nikabadilisha skrubu, nikatia mafuta, wapi! Siku ya tatu nilikaa chini nikalia, Baba, kwa hasira na kwa aibu. Niliona nimeharibu kazi ya mikono yako kwa kiburi changu tu, na ndoano zenyewe nilishazikata, hazirudi.

Kumbe nilipima kimo cha kiungio kwenye behewa moja tupu, kipimo hicho nikakitumia kwa yote. Na manne ya mbele hayakuwa matupu. Yana buni uliyoijaza mwenyewe wiki ile kabla hujalazwa, na mimi sikuwa na moyo wa kuimwaga. Zile springi za kalamu ulizoweka juu ya magurudumu zinabonyea kwa mzigo, kwa hiyo viungio vya mbele vilikuwa chini na vya nyuma juu, vinagusana kwa ncha tu. Wewe ungeliona hilo ukiwa bado mlangoni. Nikayajaza buni na yale sita yaliyobaki, nikapima upya, moja moja. Yako sikuimwaga hata punje.

Krismasi tulitoka misa, tukala nyama, tukajaa stoo. Prosper alichuchumaa pale kwenye kilima kama polisi. Mzunguko wa kwanza, ikapita salama. Wa pili, shangazi wakaanza kupiga vigelegele nikawanyamazisha. Wa tatu ikapanda, ikapita mbele ya pua yake, mabehewa yote kumi, ikashuka. Nikamngoja asimame. Hakusimama. Akasema bila kunitazama, "Banda la kuku nitajenga kule chini kwenye migomba. Dada, iache izunguke tena." Alikuwa analia. Siku ya mazishi yako hakutoa hata chozi, tukamsema sana, mimi wa kwanza.

Nakukumbuka, Baba. Jioni nikisikia geti nasahau, nageuka kuangalia kama ni wewe. Treni yako nitaitunza nikiwa na nguvu zangu, na buni haitakosekana ndani yake. Ikibidi kukata kitu chako kingine, nitakikata, kisha nitakuandikia.

Lala sasa. Usihangaike kuja kukagua. Imeshika.

Mwanao,
Manka