Mtu wa Mabua Aliyekuwa Mfupi

Kraków, Ijumaa baada ya Pasaka

Baba yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na kwa woga kidogo, maana miaka sita si siku mbili. Je, goti lako la kushoto limetulia sasa baridi ikipungua? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Ludwik hunipa habari zako, lakini unamjua mwanao, anasema maneno manne halafu anaomba supu. Mimi ni mzima. Bado niko kwenye duka lile la mikate, naamka majogoo hawajawika, na nimenenepa, sifichi.

Tafadhali usiichane barua hii. Isome hadi mwisho, kisha ukitaka iwashie jiko.

Unajua Ludwik alivunjika kifundo cha mguu Alhamisi Kuu akishuka darini na mabua yake yote ya kuvaa Pasaka mgongoni. Lakini Jumatatu ya Pasaka, jua likichomoza, watu wa mabua walifika mlangoni kwako watatu kama kila mwaka: Zenon mbele na baragumu lake la bati, mpwa wake katikati, na nyuma yao mmoja mfupi aliyekuwa akijikwaa. Yule mfupi, Baba, nilikuwa mimi.

Zenon usimlaumu. Alikataa katakata. Alisema mwanamke hajavaa mabua tangu dunia iumbwe, na kwamba marehemu baba yake angefufuka kuja kumchapa. Nikamwomba, nikamganda, mpaka akachoka. Akaniambia, "Haya, Bronka. Ila mtu wa mabua hasemi neno hata moja. Wewe kunyamaza asubuhi nzima, hilo ndilo nataka kuliona." Wakanifunga mabua kuanzia miguuni hadi shingoni, wakanivika kofia ndefu ya mabua na ngozi ya sungura usoni. Ngozi ile inanuka, sijui wanaume mnaivumiliaje.

Najua utauliza kwa nini. Kila Pasaka nafikia kwa Ludwik kule bondeni, natazama moshi wa nyumba yako, nageuka. Siku ya mazishi ya Mama ulisema nisikanyage tena kizingiti chako, nami nilikuwa nimekuita muuaji mbele ya watu, kwa hiyo tulikuwa tumelingana. Lakini nilikumbuka ulivyokuwa ukituhadithia mimi na Ludwik habari za mateka waliotoroka kwa Watatari walioivamia nchi zamani, wamekatwa ndimi, wamejifunga mabua kwa kukosa nguo, wakapita nyumba kwa nyumba wakilia tu. Padri alisema desturi hii ni ya zamani kuliko Watatari, ya watu wa kale waliokuwa wakifukuza baridi kwa maji. Wewe ukasema padri ashughulike na altare yake. Na kila mara ulimalizia kwamba mtu wa mabua hafukuzwi mlangoni, hata awe nani. Nilikuja kwa ruhusa hiyo.

Nilikurushia maji kwa bomba la mkono, kama desturi inavyotaka, nikilenga kifua, yakakupata sikioni. Ukatukana, kisha ukacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu Mama akiwa hai, na nyuma ya ngozi ya sungura nikaanza kulia. Ukatutilia vikapuni soseji, jibini na mayai. Ukakaa kwenye benchi, maji yanakutiririka shingoni, na badala ya kutuaga ukasema maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Nyinyi hamna ndimi, basi leo nasema mimi. Mkifika Kraków mkamwona binti yangu, mwambieni zile nyasi nilizikata, mvua ikaninyeshea, zikaoza zote. Nilimwambia mama yake asubiri nyasi ziingie ghalani, na nyasi zenyewe hazikuingia. Mwambieni nilikosea. Mimi nikimwambia atanikatiza."

Zenon akapuliza baragumu. Tukatoka.

Kule chini, kwenye daraja, tulifunua vikapu tugawane. Katika changu, chini ya soseji, palikuwa na yai lililotiwa rangi kwa maganda ya vitunguu, likakwaruzwa kwa ncha ya kisu: jina langu, na mwaka huu chini yake. Yai kama hilo hukwaruzwa Jumamosi ya mkesha, Baba, kabla hujajua kwamba nitakuja. Na mikono yako ndiyo iliyolitia kapuni kwangu, wala si kwa Zenon. Sijui ulinitambua saa ngapi, labda kwa nilivyolenga. Mzee wangu, wewe ni mjanja kuliko nilivyodhani. Ulingoja siku ambayo siwezi kukujibu.

Sasa nakujibu, na si rahisi. Jumatatu ya wiki ile ya nyasi Mama alinipigia simu dukani. Alisema tumbo linamkata, akaniuliza kama akubane uache nyasi umpeleke hospitali mjini. Foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni. Nikamwambia anywe chai ya mnanaa, asubiri Jumapili nitakuja mwenyewe. Alhamisi akafariki. Mimi pia nilimwambia asubiri, Baba, na nilikuwa wa kwanza. Nilipokuita muuaji makaburini nilikuwa nikipiga kelele ili nisijisikie mwenyewe. Umebeba mzigo huu miaka sita ukidhani ni wako peke yako, nami nikakuacha uubebe. Nisamehe.

Nitakuja Jumapili ya wiki ijayo kwa basi la saa nne, na uso wangu utakuwa wazi. Ukinifungia mlango nitaelewa, nitashuka kwa Ludwik kimyakimya. Ukifungua, usinipe chakula kwanza. Vaa koti lako, twende makaburini, nikamwambie Mama haya yote kwa sauti, wewe ukiwa umesimama karibu unasikia.

Msalimie Zenon ukimwona, mwambie nimejifunza kunyamaza. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi bintiyo,
Bronka