Kahawia Isiyokauka

Jumatatu, 4 Februari 1974

Kidato cha nne, vipindi viwili. Wachoraji wa Kiingereza wa enzi ya Malkia Viktoria, tena. Waingereza wamefungasha na kuondoka, silabasi yao imebaki. Projekta haina taa tangu muhula uliopita, kwa hiyo nimezungusha kitabu darasani, kila msichana akaangalia kidogo na kumpa mwenzake. Mmoja akauliza kwa nini wanawake wa picha hizi wanalala tu, au wanazama mtoni, au wanakaa dirishani. Hawana kazi? Nikamwambia hiyo ndiyo kazi waliyopewa. Darasa zima likacheka. Nami pia.

Siwapendi sana wachoraji hawa. Nawaheshimu kama mtu anavyomheshimu fundi cherehani mwenye maringo. Wazee wao walipenda vivuli vizito vya kahawia. Vijana wakaja wakawakatalia, wakachora jani mojamoja, rangi kali juu ya nyeupe mbichi. Nimewaambia wasichana wayaandike hayo kwenye mtihani, watapata alama.

Nyumbani hakuna sukari. Mama kanywa chai kwa tende, kanuna.

Jumatano, 6 Februari

Land Rover langoni asubuhi. Askari wawili. Wakataja jina langu. Mwalimu mkuu akaangalia viatu vyake. Nikampa mwalimu wa jiografia funguo za nyumba, nikamwomba amwangalie Mama. Nilidhani ndiyo basi.

Kumbe sivyo. Walinipeleka Kololo, kwenye nyumba ninayoijua. Ilikuwa ya Mhindi mmoja mnunuzi wa pamba, aliyefukuzwa mwaka juzi pamoja na wenzake. Zamani aliniruhusu nilete wanafunzi waone picha yake. Picha ya kweli, ya rangi za mafuta. Mwingereza mmoja asiye na jina kubwa aliichora zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwanamke amesimama dirishani, anatazama bustani. Ndani ya chumba giza la kahawia, nje majani. Kampala nzima sijaona nyingine kama hiyo. Sasa nyumba ni ya Kapteni mmoja wa jeshi, na picha ni yake.

Giza limeyeyuka. Limeteremka kutoka pembe ya juu, likapita kwenye paji la uso wa yule mwanamke, likafika kidevuni. Utadhani amemwagiwa asali nyeusi. Majani ya nje hayajadhurika hata moja.

Kapteni anasema aliyefanya ni mpishi. Obadia. Yumo katika nyumba ile tangu enzi ya Mhindi. Mtu wa Busoga, mtaratibu, ndiye aliyekuwa akiwapa wasichana wangu chai ya tangawizi na kuwakataza kunyoosha vidole karibu na picha. Kazi ya kuifuta vumbi ni yake, basi na kosa ni lake. Wamemchukua tangu Jumapili. Yuko kambini, Makindye.

Kapteni hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Mwalimu, wewe nasoma hii mambo. Sema tu alimwaga dawa gani. Jumamosi wakubwa nakuja kula hapa. Nataka wasikie." Hakuniuliza kama Obadia alimwaga kitu. Anachotaka ni jina la dawa.

Alhamisi, 7 Februari

Hakuna dawa. Hilo nililijua nilipoiona tu.

Kahawia ile ni ya lami. Wazee wale waliipenda kwa sababu inang'aa, ina kina, inampa mtu giza zuri bila kuhangaika. Ila haikauki. Juu inafanya ngozi, chini inabaki mbichi, miaka nenda miaka rudi. Mchoraji wetu majani aliyachora kama vijana, giza akalipaka kama wazee. Ukiipasha lami moto, inatembea, kama barabara ya Bombo pale Bwaise jua likiwa utosini.

Na moto wenyewe nimeuona. Juu ya fremu kuna taa mpya ya shaba, balbu kubwa, imeelekezwa kwenye pembe ileile ya juu. Inawaka kutwa kucha. Kapteni alinionyesha taa kabla hajanionyesha uharibifu. "Mimi mwenyewe naweka," alisema, akajipigapiga kifuani.

Basi mwenye kosa ni Kapteni. Halisemeki hilo.

Nikitaja dawa, tuseme tapentaini, Obadia anakufa. Nikisema taa, tunakufa wawili. Nikisema sijui, atatafutwa mwingine anayejua, na mjini hapa watu wa kujua hawakosekani. Naogopa. Nimeliandika ili niache kulirudia kichwani.

Mama anasema picha za watu ni shari, ndiyo maana kuta zetu hazina hata moja. Siku zote hubishana naye. Leo nimenyamaza.

Ijumaa, 8 Februari

Mke wa Kapteni kaja nyumbani baada ya swala, kwa miguu, bila askari. Mwanamke wa kaskazini, mrefu, bado kijana. Kaleta sukari. Mama akamkaribisha kama binti yake, sukari inafanya mambo.

Sikumwamini. Angeweza kuwa ametumwa. Nikamwachia aseme yeye.

Alisema alipoingia nyumba ile hakujua kuwasha jiko la umeme. Obadia alimwonyesha na hakumcheka. Alimfundisha pia kuchagua samaki wa Ggaba kwa kutazama macho. Alisema tangu Jumapili yeye ndiye anayepika, na Kapteni hali, anasogeza sahani. Tena akasema jioni Kapteni anakaa na redio, na ikianza kuwatukana Waingereza anacheka mpaka machozi. "Hiyo tu ndiyo nafurahisha yeye siku hizi, Mwalimu." Akaaga.

Nilikuwa nasuuza vikombe wazo liliponijia. Nikakaa chini na kikombe mkononi. Mwenye kosa si lazima awe Obadia, na si lazima awe Kapteni. Yupo mtu wa tatu. Ni Mwingereza, na hawezi kukamatwa.

Jumamosi, 9 Februari

Nimerudi sasa hivi.

Walikuwa saba au wanane mezani, na nyota mabegani. Pilau, mbuzi, chupa nyingi. Kapteni akaniita sebuleni, wageni wakageuza viti. Alitaka tamasha, nikampa tamasha.

Niliomba fremu itolewe. Askari wakaitoa. Pembezoni mwa picha kuna ukanda mwembamba ambao fremu huufunika. Nikawaambia: hapa hapajaguswa na mpishi, wala Mhindi, wala mtu yeyote tangu Mwingereza mwenyewe alipofunga kazi. Kisha nikakandamiza kidole gumba kwenye kahawia ya ukanda huo. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipokitoa, alama ya kidole ilibaki, mistari yote.

Miaka mia, nikasema, na bado ni mbichi. Hii ni lami. Mchoraji alijua haikauki. Aliiuza akijua, akala hela yake, akawaachia wengine balaa. Hakuna dawa iliyomwagwa. Picha imejiharibu yenyewe, kama alivyoitengeneza.

Taa ya shaba ilikuwa imezimwa. Si mimi niliyeizima. Mke wa Kapteni alikuwa amesimama karibu na swichi na sinia mkononi, anatazama sakafu.

Kapteni akaja, akakandamiza gumba lake. Akalitazama. Akalinusa. Halafu mmoja wa wakubwa, mnene, akainuka akitaka naye ajaribu. Na mwingine. Wakapanga foleni, wakubwa wazima, kila mmoja akaacha alama ya kidole chake kwenye kahawia ya ukingoni. Yule mnene akasema, "Hata picha yao nadanganya!" Akaangua kicheko. Wote wakafuata. Kapteni alicheka wa mwisho, lakini alicheka kuliko wote.

"Hii Mzungu iko wapi sasa?" akaniuliza.

"Amekufa zamani, afande."

"Bahati yake."

Nikauliza habari za Obadia. Kicheko kikakatika. Mke wa Kapteni akaweka sinia mezani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba pilau ya leo imeungua chini, awaombe wageni radhi, mpishi hayupo. Yule mnene akasema kweli, imeungua. Kapteni akapunga mkono, mara moja, kama anafukuza nzi. "Atatoka."

Nilidhani yamekwisha. Kapteni akaigeukia picha. Akasema Mwingereza akikosa na yeye lazima ashikwe. Kama mwenyewe hayupo, mali yake ipo. "Peleka Makindye." Wageni wakapiga meza kwa furaha. Sijui kama ulikuwa utani. Wale askari hawakuuliza. Wakamwinua yule mwanamke, uso mweusi, bila fremu, wakamtia nyuma ya Land Rover ileile iliyonichukua mimi. Kichwa kikagonga mlango.

Nimemsingizia maiti. Labda alijua kuhusu lami, labda hakujua, wengi wao walifundishana hivyohivyo bila kuuliza. Sijutii. Ila picha naionea uchungu, na naona aibu kuionea uchungu wakati kuna mtu bado yumo humo.

Jumatatu, 11 Februari

Vipindi viwili. Mwanga na kivuli. Wasichana walitaka kujua kama nitawapeleka tena Kololo kuona picha halisi. Nikasema haipo. Wakauliza imeenda wapi. Nikawapa zoezi.

Obadia bado.

Jumatano, 13 Februari

Bado. Mwalimu wa jiografia anasema mkono ukipungwa hivyo maana yake ni moja kati ya mbili, na hakunieleza ya pili. Nimemchukia siku nzima.

Ijumaa, 15 Februari

Nilipita nje ya ile nyumba, kwa mbali. Mke wa Kapteni alikuwa barazani anapepeta mchele. Aliniona. Akaendelea kupepeta.

Nimesema uongo mbele ya wakubwa, nimetoa picha, na huenda nimetoa bure. Sina la kuongeza.

Jumapili, 24 Februari

Nimekwenda Bwaise. Mvua ya kwanza imenyesha jana, maji yamefika vizingitini, nikavua viatu.

Obadia katoka juzi. Hakurudi Kololo, na hakuna aliyemwita. Anakaa chumba kimoja kwa dada yake, anauza maandazi mlangoni. Amekonda. Sikio la kushoto halisikii, inabidi ukae upande wa pili. Hakuniambia kilichompata, nami sikuuliza. Alijua nilichofanya. Mke wa Kapteni amempelekea habari, na sufuria mbili alizokuwa akizipenda.

Tuliongea habari za unga na bei ya mkaa. Dada yake akatoka nje kuzoa maji. Obadia akasogeza kigoda, sikio zima likaja upande wangu.

"Nyabo," akaniita, kama Waganda wanavyomwita bibi, "na ule mwanamke ya picha? Mimi nafuta yeye vumbi miaka mingi. Sasa iko wapi?"

Nikamwambia. Makindye.

Akatazama mikono yake.

"Huko hakuna dirisha," akasema.

Kisha akanimiminia chai. Ya tangawizi, bila sukari. Tukanywa.