Mizani ya Baba na Daftari la Nsimire

Jabe, Bujumbura, Jumapili, baada ya misa

Kwako dada yangu Annick,

Kabla sijakusalimu acha nitoe jambo moja, maana najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Namwonea wivu Nsimire. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Kwenye kitubio nilisema tu kwamba nilimjibu mama vibaya, nikatoka. Ni wivu wa kuamka nao na kulala nao, dada, na ndiyo maana barua hii ni ya karatasi. Simu ya mama siku hizi anaishika Nsimire. Yeye ndiye anayemsomea mama ujumbe wako, yeye ndiye anayejibu. Yale maneno ya wiki iliyopita, "tunakukumbuka sana dada yetu, kula vizuri", yalikuwa yake. Mimi nilikuwa naosha sufuria.

Haya, sasa nikusalimu. U mzima? Baridi ya Gitega imekuzoea, ama bado unalala na soksi? Masomo ya uuguzi yanaendaje, na yule mama mwenye nyumba bado anawazimia taa mapema? Huku sisi ni wazima. Mama ana kikohozi cha vumbi, si kikubwa. Baba anaendelea na kibanda chake cha bolti kule Buyenzi, goti linamsumbua akipanda ngazi lakini kwetu hakuna ngazi, kwa hiyo anasema amepona. Joto la Buja unalijua, sina haja ya kulieleza.

Wewe uliondoka Nsimire akiwa na wiki mbili tu nyumbani, kwa hiyo unamjua kama mgeni bado: binti wa baba mdogo, aliyefika kutoka Bukavu na mfuko mmoja na kandambili za rangi mbili. Nami nilimpenda wakati ule, nisiseme uongo. Nilimpa upande wa godoro ulio mbali na ukuta. Ripoti zake zote za shule zilibaki kule, hakuna hata karatasi moja ya kuonyesha amesoma mpaka wapi. Mkurugenzi wa shule yetu akasema atakaa darasani kwetu kwa majaribio mpaka mwisho wa muhula, kisha mwalimu wa hesabu na mwalimu wa kemia ndio watakaoamua kama anabaki ama anarudishwa nyuma miaka miwili. Fikiria, akae benchi moja na watoto wa miaka kumi na minne. Wa hesabu alishakubali zamani. Alibaki wa kemia, mwalimu Herménégilde, na mkurugenzi anatia sahihi kesho Jumatatu.

Sasa shida yote ilianzia kwenye moli. Sijui ninyi mlifundishwa namna gani. Sisi mwalimu aliandika ubaoni ile namba, sita ikifuatwa na tarakimu ishirini na tatu, akasema hiyo ndiyo idadi ya chembe katika moli moja ya kitu chochote. Gaël, unamjua yule asiyefunga mdomo, akauliza, "Mwalimu, we ulizihesabu zote ama ulichoka katikati?" Darasa likacheka. Mwalimu akasema hakuna anayezihesabu, sisi tunapima tu uzito. Nikaandika hivyo kwa Kifaransa, nikapiga mistari miwili chini yake kwa rula, na sikuelewa kitu. Kunyoosha mkono siwezi, unanijua, sauti yangu inakwama hapa kooni. Basi nikajitengenezea maana yangu mwenyewe: moli ni kama kilo. Kilo ya chumvi na kilo ya misumari si sawasawa? Kwa hiyo moli ya kaboni na moli ya shaba lazima ziwe na uzito mmoja. Kwenye jaribio nilipata tatu juu ya ishirini. Karatasi ile niliichana chooni.

Halafu siku moja tumbo likaniuma, Nsimire akampelekea baba chakula badala yangu. Akamkuta Massoudi, yule fundi wa garaji mwenye maneno mengi, anataka bolti mia mbili za ufunguo wa kumi na saba, zile za spana kubwa. Baba akatazama kopo, akaweka beseni kwenye mizani, akamimina mpaka kilo saba, akampa. Nsimire akamwuliza, "Baba mukubwa, sasa utajuaje ni mia mbili?" Massoudi akaingilia kwamba muzee huyu ni mchawi, wamuache. Baba akacheka, akamweleza kwamba zamani alihesabu mia moja ya kila aina, mara moja tu katika maisha yake, akazipima, akaandika uzito kwa chaki kwenye kopo. Za ufunguo wa kumi, mia ni gramu mia nane. Za kumi na saba, mia ni kilo tatu na nusu. Tangu hapo hajahesabu tena, anapima.

Nsimire alirudi mbio, jasho mpaka kidevuni. "Irène, baba mukubwa anafanya moli! Miaka yote hii anafanya moli na hajui!" Tukakaa kumenya ndizi, naye akanieleza. Mia ni mia, iwe ya bolti ndogo ama kubwa. Idadi haibadiliki, uzito ndio unaobadilika, kwa sababu moja yenyewe ni nzito kuliko nyingine. Moli ni ile mia yao watu wa kemia, sema ni mia kubwa ya kutisha. Ile ya kaboni ina uzito wa gramu kumi na mbili, ya shaba gramu sitini na tatu na nusu, na ile namba ndogo iliyo kwenye jedwali la elementi ni chaki ya baba kwenye kopo. Kabla sijamaliza ndizi ya pili nilikuwa nimeelewa kila kitu.

Ungesema ningefurahi. Dada, nilikaribia kulia, na si kwa furaha. Kibanda kile ni chetu. Mimi nimepeleka sahani pale tangu niko darasa la tatu. Zile namba za chaki nilikuwa nazipitisha kidole nachora maua, baba ananigombeza. Nilizitazama miaka minane na sikuziona, na mtu aliyefika juzi akaziona siku moja, na mchuzi wangu mkononi. Jioni baba alisimulia mezani, akasema, "Huyu mutoto ana macho." Mimi ananiitaga kimya chake. Kimya changu, niletee maji. Kimya changu, zima redio. Tangu siku ile kila Jumamosi anakwenda naye Buyenzi kushika mizani, na mafundi wamempa jina, wanamwita Mademoiselle Kilo. Mimi hakuna aliyewahi kunipa jina pale.

Shuleni ikawa hivyo hivyo. Mwalimu alimwita ubaoni, akaeleza kwa bolti mbili alizokuja nazo mfukoni, hata Gaël akanakili. Kuanzia hapo wakati wa mapumziko daftari zote zinakwenda kwake. Mimi nakaa naye benchi moja na watu wananiruka kwa mkono kumgusa yeye bega.

Sasa nifike kwenye jaribio la vitendo. Mwalimu alisema kila mmoja atapima chumvi ya shaba, zile fuwele za bluu, ya kutosha nusu lita ya maji, ili kila lita iwe na sehemu moja ya kumi ya moli. Alhamisi ya kabla yake, Nsimire hakuwepo, alikuwa na baba kwenye foleni ya karatasi zake za ukimbizi. Siku hiyo ndiyo mwalimu alipotusomea lebo ya chupa na kuandika fomula yake. Jioni Nsimire akaniomba nimnakilie somo. Alisema anapenda maandishi yangu kuliko ya kitabu. Nikamnakilia.

Jaribio lilikuwa Ijumaa iliyopita. Fuwele mwalimu alikuwa amezimimina kwenye kopo la jemu, bila lebo. Sisi wote tulipima gramu kumi na mbili na nusu. Nsimire alipima nane. Alipima vizuri sana, dada, ungeona vidole vyake, chembe kwa chembe, kama yuko Buyenzi. Mwalimu alipopanga chupa zetu dirishani, ishirini na saba zilikuwa za bluu moja na yake ilikuwa imepauka, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Akamwomba hesabu, akaisoma, akatikisa kichwa. Akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba sokoni mtu anaweza kujifunza mengi lakini msingi haupatikani sokoni, na kwamba labda mkurugenzi alikuwa na haki ya kuogopa. Amesahau maji, akasema. Fuwele zile za bluu zimebeba maji ndani yake, kila moja na maji matano, na bila kuyahesabu hupati uzito wa kweli. Gaël akapiga kelele kutoka nyuma, "Mukongomani amekunywa maji yote!" Wakacheka mpaka wengine wakalala kwenye mabenchi.

Nsimire akafungua daftari lake. Akatafuta ule ukurasa, akausoma, akaniangalia mimi. Kisha akalifunga. Nyumbani baba alipomwuliza imekwendaje, akasema, "Nilikosea mwenyewe, baba mukubwa." Hakuniangalia hata aliposema. Usiku alilala upande wa ukuta.

Sasa unajua tayari, nadhani, lakini lazima niandike kwa mkono wangu. Maji yale niliyaacha mimi. Nilinakili fomula ya shaba, ya salfa, ya oksijeni, nikafika kwenye nukta na maji matano, nikainua kalamu. Niliruka mstari. Uzito wa moli nikaandika gramu mia moja hamsini na tisa na nusu, badala ya mia mbili arobaini na tisa na nusu, nikaupigia mistari miwili kwa rula ili upendeze.

Wala sikusahau. Na hapa ndipo ninapotaka unielewe, ama basi usinielewe lakini ujue. Siku ile mwalimu aliposoma lebo, darasa zima lilikuwa linauliza maji yanakaaje ndani ya kitu kikavu, nami nilielewa. Mimi, peke yangu, bila mtu. Niliona bolti za baba zenye nati zake. Za kumi na saba tupu, mia ni kilo tatu na nusu; zikiwa zimefungwa nati, mia ileile ni kilo nne na nusu, na baba ana kopo lingine na chaki nyingine kwa ajili yake. Idadi haijaongezeka hata moja. Kila bolti imekuja na nati yake tu, na ukizipima lazima upime na nati. Ndivyo na maji. Nilitamani kunyoosha mkono, mkono ukaanza kunyanyuka, nikaurudisha. Kilikuwa kitu changu cha kwanza, dada. Nilijua nikimwambia Nsimire, kesho atakwenda ubaoni nacho, na baba atasema tena kwamba ana macho. Nikataka kibaki kwangu. Lakini ningeweza kukaa na nati zangu na bado kumpa maji yake, si ndiyo?

Na usifikiri wivu umeisha kwa sababu nimelia. Haujaisha. Leo asubuhi kanisani mama alimfunga kitambaa kichwani, taratibu, akimfariji, nikauma meno. Hata kwa kule kunyamaza kwake namwonea wivu. Mimi ni kimya cha baba miaka kumi na sita, na kunyamaza kwangu hakujawahi kumsaidia mtu.

Kesho kabla ya kengele nitakwenda kwenye chumba cha walimu, ambamo sijawahi kuingia, nimpe mwalimu Herménégilde madaftari yote mawili, langu na lake, yakiwa wazi kwenye somo la Alhamisi. Nadhani maandishi yatasema hata sauti ikikwama. Watanipa sifuri, labda wataniita na baba. Baba atajua. Hilo naliogopa kuliko mkurugenzi. Sikuombi unitetee kwake. Nakuomba tu ukija likizo usiniangalie tofauti, ama ukiniangalia tofauti uniambie sababu, tusikae kimya wawili.

Mama anakusalimu, anasema upake mafuta ya mawese kifuani kama baridi inazidi. Baba anasema ukipata mtu anayekuja umtumie viazi vya huko. Msalimie rafiki yako mnayelala chumba kimoja, ingawa hanijui. Mungu akulinde, akupe nguvu kwenye mitihani yako. Barua hii itakuja na Prudence jirani yetu, anapanda Gitega keshokutwa.

Nilitaka kuandika kitu kingine lakini nimesikia bidoni ya maji inatuliwa uani. Ni yeye, ametoka bombani. Mchana wote kila mtu akipita nimekuwa nafunika karatasi hii kwa kitabu cha jiografia. Sasa kandambili zake zinakuja, ziko kwenye korido. Nimekiondoa kitabu, nimekiweka chini sakafuni. Kwa mdomo nitameza maneno, najijua, kwa hiyo atasoma. Ukiipata barua imekunjwa vibaya ama ina alama ya vidole vyenye maji, ujue hukuwa wa kwanza kuisoma.

Ni mimi mdogo wako,

Irène