Wageni Uliowaleta Matangani

Dada Nyambura,

Barua pepe yako nimeisoma mara moja na imetosha. Unasema utakuja Desemba na kikundi cha wageni, na ungependa tutembee nao "kama zamani", wewe, mimi na Mama. Nakujibu hadharani kwa sababu wewe ndiye uliyezoea kuyaweka mambo yetu hadharani.

Hizo zamani nazikumbuka. Jumamosi tulitoka kwenye fleti yetu ya Parklands, tukavuka Westlands, tukapandisha hadi Kitisuru kando ya zile nyua za michongoma, kisha tukateremka mtoni na kupanda tena mpaka kwa Shosho, mamake Mama. Nauli tulikuwa tunapewa. Wewe ndiye uliyekataa kupanda gari. "Tukipanda gari tutafika bila kuona kitu," ulikuwa unaniambia. Ulinifundisha kumsalimia mfanyakazi wa bustani kabla ya kumuuliza njia. Ulinikataza kuchuma ua la mtu hata likiwa limeinamia barabarani. Ukichoka ulikaa palepale kwenye nyasi, ukavua viatu, ukasema hapo ndipo kelele zote zinakutoka kichwani na unajisikia kuwa mtu. Nilikuwa mdogo. Nilikuamini kabisa.

Kwa hiyo ulipofungua ofisi yako ya kutembeza watalii mjini, kile chumba cha ghorofa ya tatu kilichotazama paa za maduka, nilifurahi kuliko hata wewe. Wengine walikuwa wanawakimbiza watalii kwenye magari wakapige picha simba na kurudi hotelini. Wako wangetembea kwa miguu, wale chakula chetu, waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa mtu. "Mtu ajitafute polepole, na asimsumbue mwenyeji," ulisema. Ni maneno mazuri. Hata leo ni mazuri, na hicho ndicho kinachonitia kinyaa zaidi.

Kisha Shosho akafa.

Siku ya tatu ya matanga, Mama alikuwa amekaa na dada zake kwenye godoro sakafuni, ndani ya chumba cha Shosho. Hakuwa amelala. Nilikuwa jikoni nikichambua mchele niliposikia sauti yako nje, ile sauti yako ya kazini, ikisema Kiingereza taratibu. Nilitoka nikakuta umesimama mlangoni na wageni watano wenye mikoba mgongoni na vumbi hadi magotini. Nilidhani wamekuja kutoa pole. Ukawapitisha sebuleni, ukawapitisha mbele ya wazee wa kanisa waliokuwa wakiimba, ukawaingiza chumbani, ukachuchumaa karibu na Mama.

"Mama, si uwaambie tu kidogo vile unaskia? Mi nitawatafsiria."

Mama alikutazama. Sidhani alikuelewa. Lakini alilelewa kutomnyima mgeni, basi akaanza kusema, na machozi yakamtoka, na wewe ukawa unatafsiri sentensi moja baada ya nyingine, ukimshika mkono atulie umalize. Wale wageni walifumba macho na kuvuta pumzi kama ulivyowafundisha. Mmoja akaanza kulia kwa kwikwi. Alilia sana, akisema amemkumbuka mamake. Na unajua nani aliyembembeleza? Mama yetu. Alimvuta kijana yule mzima mwenye ndevu, akampapasa mgongo, yeye aliyefiwa, huku mgeni mwingine akipiga picha.

Hapo ndipo kinyaa kiliponishika.

"Toa hawa watu," nikakwambia.

"Usiniaibishe mbele ya wageni."

"Wageni wa nani? Nani aliwaita?"

"Ni watu wapole. Wamekuja kujifunza."

"Wajifunze nini kwa mtu analia?"

Mama akainua kichwa. "Wacheni kupigana. Wapatieni chai."

Tukawapa chai. Nilimimina mwenyewe. Nje, mwanamke mmoja mzee katika kikundi chako alinifuata, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni sisi tuliowaalika. Nikamwambia hapana. Aliweka kikombe chini bila kunywa. Alikwenda kuwaambia wenzake, wakachukua mikoba yao, wakaondoka wakitazama chini. Kati yenu wote yeye peke yake ndiye aliyerudi kuniomba msamaha. Wewe ulikuwa umeshakimbilia barabarani kuwatuliza.

Ningeweza kuyameza hayo. Watu hufanya mambo ya ajabu wakifiwa, na Shosho alikuwa wako pia. Lakini baada ya miezi, mwanamke wa kanisani kwa Mama alimletea karatasi ya matangazo aliyoiokota kwenye mapokezi ya hoteli moja Westlands. Alikuwa anacheka kwa furaha. "Mama Nyambura, umekuwa staa!" Ilikuwa sura ya Mama ikiwa imekunjamana kwa kilio, na juu yake maandishi yako ya kuwaita watu waje wajitafute. Mama aliitazama kwa muda. Akasema, "Sikuwa nimefunga kitambaa vizuri." Wiki hiyo hakwenda kanisani.

Wewe sasa unaishi ng'ambo na unaitwa kwenye mikutano kuzungumza juu ya safari zenye heshima. Nikikuwaza jukwaani na ile sauti yako, kinyaa kinanirudia.

Hivi majuzi Mama aliniomba nimsindikize Lavington, kwa miguu. Nilimwambia magoti yake hayatakubali. Akasema tutakwenda kama magoti yanavyotaka. Tulipumzika kila penye kivuli. Tukafika kwenye nyumba moja yenye ukuta mrefu, na Mama akasimama kwenye geti. Askari akatoka.

"Sasa, mnatafuta nani?"

"Hakuna, kijana wangu. Tunapita tu."

Mama alilishika lile geti kidogo, kwa kiganja, kisha tukaendelea. Hapo ndipo alipoanza kuniambia kilichomtokea mamake ndani ya nyumba ile kabla sisi hatujazaliwa, na kwa nini sisi wawili tuliitwa majina tunayoitwa. Alizungumza mpaka tukafika nyumbani. Nilijua siku ile mimi ni mtoto wa nani, na kuna mambo mengi niliyokuwa nikijionea aibu ambayo sasa siyaonei tena.

Ungependa kujua alisema nini. Najua ungependa. Wewe ni mjukuu wa Shosho kama mimi, na ni haki yako. Nilimuuliza Mama kama nikuandikie. Alifikiri sana, halafu akasema, "Huyo usimwambie."

Desemba usilete mtu kwetu. Uwe mzima huko uliko.

Ni mimi,
mdogo wako