Busu Ndani ya Kitani

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Vicarage,
Southampton, Uingereza.
9 Mei, 1941.

Mpendwa Shangazi Dorcas,

Hujambo shangazi yangu? Magoti yamepona, au baridi ya Kanada bado inayatesa? Mimi ni mzima, na nina furaha hadi naona haya. Sasa naitwa Bi Tolliver, shangazi! Hubert akinywa chai tu, mimi namtazama kama sinema.

Barua hii anakuletea wifi yangu kwa mkono. Kwa posta wakaguzi wa barua wa wakati wa vita wangeifuta yote.

Hubert ni rubani wa majaribio: ndege ya kivita ikibadilishwa chochote, yeye huirusha kwanza. Mimi hushona kitani kwenye vile vibawa vidogo vinavyoilaza ndege kulia au kushoto. Kabla ya kufunga mshono, sisi wasichana wa kiwandani hupiga busu upande wa ndani. Rangi ya mdomo imeadimika, kwa hiyo tunapaka maji ya bitiruti.

Kumbe kitani chetu kilikuwa kinamponza mume wangu! Ndege ikishuka kwa kasi kitambaa huvimba, na usukani huwa mgumu hata mikono miwili isitoshe kuugeuza. Hubert akaomba tujaribu bati jepesi badala yake.

Mafundi walipobandua kitani, wakaliona busu langu.

“Bwana harusi, kumbe mkeo hubusu marubani wote!” mmoja wao akamtania Hubert.

“Hao nimewaazima tu,” akajibu Hubert. “Mwenye mali ni mimi.”

Jumanne akaenda kulijaribu bati. Nilikuwa nimelibusu nalo, lakini halikushika rangi. Msimamizi wetu, Bi Pruett, akanicheka: “Mwanangu, bati halijui mahaba.”

Nilicheka, nikatoka nje kutazama. Ndege ikaanguka kutoka mawinguni kama jiwe. Kisha ikalala kulia, ikalala kushoto, taratibu, kama mtoto anayejigeuza usingizini.

Alipotua nilimkimbilia. “Vipi?”

“Mkono mmoja umetosha, mpenzi.”

“Na wa pili?”

Akafungua kiganja. Kulikuwa na kipande cha kitani chenye busu langu.

Sasa kushona kunakwisha, nami najifunza kupiga ribiti, vile vipini vya chuma vya kuungia bati. Sisikitiki hata kidogo.

Nisalimie Mjomba Ambrose na Cecily mdogo. Mungu akulinde, na mkono wako usikose kamwe cha kushika.

Wako akupendaye sana,
Muriel (Bi Tolliver!)