Pini za Saa ya Baba

Busia, upande wa Uganda

Kwa kaka yangu mpendwa Samuel Obbo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Awor. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Eldoret, wewe na wifi Ritah, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi huku tu wazima. Mama hajambo pale nyumbani Molo, upande wetu huu wa Uganda. Mahindi yamekubali mwaka huu, na kuku bado wanagombezwa kutwa kama watoto wa shule.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Nikikupigia kutoka nyumbani mama anasogea kusikiliza, na nikiwa kwenye kibanda changu cha kutengenezea saa wateja hawanipi nafasi. Jambo lenyewe halitaki haraka. Linahusu saa ya baba.

Unajua lumbe ya kumaliza msiba imepangwa Desemba, na siku hiyo wewe ndiye utakayesimikwa mrithi. Utavishwa kanzu ya baba, utakalishwa kwenye kiti chake, kisha utavishwa saa yake, ile aliyokuwa akiitazama kabla ya kupiga kengele ya kanisa. Tangu tumzike, anayeivaa ni mama. Kila asubuhi huitia ufunguo, huiweka sikioni kidogo, ndipo anakwenda shambani. Sasa baba mdogo aliniagiza niikague vizuri, kwa sababu mrithi hakabidhiwi kitu kibovu. Ikiwa haifai, alisema, itabaki kwa mama mpaka itakapotengenezwa. Mimi ambaye kazi ya saa ndiyo inayonilisha nilimjibu kwa kiburi kwamba alale usingizi.

Kumbe nilijisifu mapema mno. Haukupita muda mama akanipasha habari kuwa saa imemdondoka mkononi. Nikaenda, nikakuta mkanda umeachia upande mmoja. Pini haipo, kile kijiti chembamba chenye springi ndani kinachoshikilia mkanda kwenye saa. Nikatia nyingine. Ikadondoka. Nikatia nyingine tena, na safari hiyo mama aliniambia ilibaki kidogo saa itumbukie kisimani. Nilikasirika, Obbo, unanijua.

Nikaichukua saa, nikavuka mpaka hadi kwa Mangeni, Msamia anayeniuzia vifaa upande wa Kenya, nikamrushia maneno mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia takataka. Nikamwaga pini zake zote mezani na kuanza kuchagua mwenyewe. Nilipima nafasi kati ya masikio ya saa, pale mkanda unaposhikwa, maana pini fupi hucheza na ndefu hulazimishwa ikapinda. Zile za chuma hafifu zinazong'aa nikazitupa kando. Jasho la shamba likizigusa zinashika kutu. Kila moja niliibonyeza ncha kwa ukucha, na iliyochelewa kurudi sikuitaka. Tena nikatafuta zenye ncha nene, kwa kuwa matundu ya saa ya baba ni mapana. Nikazitia palepale na kuuvuta mkanda kwa nguvu zangu zote, hata Mangeni akaniuliza kama ninatengeneza saa au ninafunga fahali. Halafu akasema, bila hasira, "Dada Awor, wacha kelele. Hizi pini hazina shida, hata za kwanza hazikuwa na shida. Wewe nenda uone hiyo saa inaishi aje huko nyumbani."

Nilimcheka. Lakini neno lake likaniwasha, na wiki iliyofuata nikaenda Molo mchana bila kumwambia mtu.

Nilimkuta mama nyuma ya jiko, saa iko mapajani, na ile sindano kubwa ya kushonea magunia iko mkononi. Alikuwa akiichokonoa pini yangu nzuri. Ilikuwa imemshinda, na kidole gumba kilikuwa kinatoka damu. Hakuificha sindano. Aliniambia kwa lugha yetu, taratibu, niiache tu saa iwe mbovu, kwa sababu ikipona wataichukua.

Obbo, nilikaa chini palepale nikalia. Mama hakatai wewe kuwa mrithi, usije ukafikiri hivyo. Anafurahi na ameshawatangazia majirani wote. Alinieleza kwamba asubuhi nyumba imekuwa kimya sana, na katika vitu vyote vya baba ni saa hiyo tu ambayo bado inakwenda. Aliona aibu kuyasema haya mbele ya ukoo. Nami nilikuwa nahangaika na chuma, kumbe pini imara zaidi ndiyo iliyozidi kumuumiza.

Sasa nikuambie nililofanya, na baba mdogo hajui. Saa nimeitengeneza kabisa. Nimetia pini za chuma kisichoshika kutu, nzuri kuliko zote alizo nazo Mangeni, zenye kijino kidogo cha kusukuma kwa ukucha, ili mama akitaka kuufua mkanda asijichome tena. Na mkanda ni mpya. Siku ya lumbe, baba mdogo akikuvisha mbele ya watu, hautafika kuzunguka mkono wako. Usishtuke wala usimlaumu fundi. Nimeukata kwa kipimo cha mkono wa mama.

Saa itakuwa yako kwa haki, na mwenye mali ndiye anayeamua nani aivae. Mama atakuwa amekaa karibu yako. Kama umeamua kuivaa mwenyewe, nijulishe mapema nibadilishe mkanda. Sitanuna. Nitanuna kidogo.

Barua hii anaileta Akiteng, anayepeleka mitumba huko, kwa hiyo mpe chai. Mangeni anakusalimu, nilimwomba radhi kwa sahani ya samaki, akasema bado hajashiba. Msalimie wifi Ritah. Na mama akikupigia akulalamikie kwamba saa ya baba ni mbovu kabisa, mkubalie tu mpaka siku ile.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Harriet Awor