Pindo la Sketi ya Twiga

Nyumbani,
Mlango wa pili kutoka mashine ya kusaga,
Jumapili, 26 Januari.

Mpendwa Dada,

Tunakusalimu sote kwa mapenzi. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi kimetulia, na kwamba shemeji amepunguza zamu za usiku kama daktari alivyomwagiza. Sisi hatujambo. Mama anajikongoja mwenyewe hadi barazani, tena ameanza upya kukosoa chai ya kila mtu, kwa hiyo tunajua amepona.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoketi kuandika, hasira iliitangulia kalamu. Leo imepoa kidogo. Soma ukiwa umekaa.

Unamjua Twiga, binti yangu uliyempa jina hilo akiwa bado anajifunza kutembea. Jina limemkubali. Yuko kidato cha tatu, na akisimama karibu nami inabidi nimwinulie macho kama mkubwa wangu wa kazi. Shule yao inalazimisha sare inunuliwe katika duka moja tu. Kwa bei ya sketi moja ya pale, fundi wa mtaani angemshonea tatu na chenji ikabaki. Lakini ndani ya mkanda kuna lebo ya duka, na asubuhi mabinti wakubwa hupangwa mstari langoni, kila mmoja aukunje mkanda wake nje mwalimu aione lebo, wapita njia wakitazama. Mimi ni mtunza stoo, Dada. Nakagua magunia kutwa nzima, na hata magunia siyakagui hivyo.

Alipoingia kidato cha kwanza nilifanya vile mama alivyotufanyia. Unalikumbuka lile shati langu lililonifika magotini, ukawa unaniita padri? Nami nilinunua sketi ya kukulia. Wifi yako akaikunja pindo pana, nikajiona nimewazidi ujanja wote. Mwezi huu, magoti ya Twiga yalipoanza kuchungulia, tukalifumua. Ndipo ujanja wangu ukaniumbua. Sketi ilikuwa imepauka kwa sabuni na jua la miaka miwili, lakini kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani ya pindo kilitoka na rangi yake ya damu ya mzee, kama siku ya kwanza dukani. Ukanda mzima ukamzunguka chini ya magoti. Hakufika hata darasani, akarudishwa nyumbani.

Kesho yake nilipitia shuleni kabla ya kazi. Mwalimu wa nidhamu aliishika ile sketi kwa vidole viwili.

"Mzazi, hii ina rangi mbili. Bendera tunapandisha mlingotini, hatuvai."

"Mwalimu, kitambaa ni kile kile. Lebo yenu hii hapa. Ni jua tu limekula juu likaacha chini."

"Basi liambie hilo jua likununulie nyingine."

Walimu wenzake wakacheka. Nami nikacheka, Dada! Nilicheka kile kicheko cha mzazi ambaye mtoto wake yuko mikononi mwa watu. Hicho ndicho kinachonikereketa hadi leo, kuliko hata bei yenyewe.

Twiga alikaa nyumbani juma zima, wenzake wakiendelea na hesabu. Jioni moja, tukiwa tunakula, akasema, "Baba, ningekuwa mfupi tungepumzika." Alisema kwa utani, lakini wifi yako aliinuka akaenda jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu cha kufuata. Mtoto anakuomba radhi kwa sababu amekua! Tunawalisha ili iwe nini?

Nikasema nitauza baiskeli. Wifi yako akaniambia niende kazini na baiskeli yangu, yeye ameshafikiri. "Jua limekula nje," akasema. "Ndani halijafika." Wakafumua kila mshono, yeye na Twiga, wakatoa mkanda, zipu na marinda yote, hata sketi ikabaki vipande mezani. Kisha wakaigeuza, ndani ikawa nje, wakaishona upya. Mama aliwasimamia kutoka kitini kwake na hakuridhika na rinda hata moja. Mwisho kabisa ikarudishwa lebo, yule bwana mkubwa wao, mahali pake.

Jumatatu nilimsindikiza. Mwalimu wa nidhamu alimtazama Twiga juu hadi chini, akaiona lebo, akatabasamu. "Unaona, mzazi? Mkitaka mnaweza."

Binti akaingia. Mimi nikaenda zangu kazini. Lakini fikiria, Dada: alidhani tumenunua mpya, wamelipa jasho la mke wangu kwa kulisifu duka lao!

Najua ukifika hapa mkono wako umeshaingia mkobani. Utoe. Pesa yako itaishia dukani kwao, nao watasema tena kwamba tukitaka tunaweza. Jumamosi ijayo kuna kikao cha wazazi, na nimeamua kusimama niseme sare ishonwe popote mradi rangi ni ile, na mambo ya lebo langoni yakome. Wifi yako anaogopa watamlipizia mtoto. Ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo nilimwendea Twiga mwenyewe, nikamkuta anapiga pasi marinda yake, nikamwuliza kama niseme au ninyamaze.

Hakuinua hata uso. "Sema tu, baba. Sketi ina pande mbili, na zote tumeshazimaliza."

Nisalimie shemeji na wale mapacha wako. Mama anakubariki, na anauliza huko kuna mtu anayejua kupika chai. Mungu akulinde kifua na akurudishe kwetu salama. Twiga anakuomba shangazi yake umwombee asiongezeke hata kidole hadi mwakani. Usimsikilize. Mwombee arefuke.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akiwa amenuna,

Padri wa shati refu.